Valvu za moyo: tuache lumbesa, tupime kwa mizani

Na Mwandishi Wetu wa Masoko

WIKI hii ukurasa huu hauanzi na bei ya mahindi ya Kibaigwa wala korosho ya Mtwara. Nawaomba radhi wasomaji wanaofungua hapa kwanza kutazama jedwali la bei. Nataka kuzungumzia bidhaa moja ambayo haimo katika jedwali hilo, lakini inakula mitaji ya wafanyabiashara wadogo bila wenyewe kuiweka katika hesabu zao. Bidhaa hiyo ni jibu la swali moja: valvu ya moyo inavuja kiasi gani?

Mtu atauliza, kulikoni mwandishi wa masoko kuingilia kazi ya madaktari? Sina nia hiyo. Nilisomea biashara, na moyo naufahamu kama anavyoufahamu mtu yeyote aliyekaa kwenye benchi la hospitali akimsubiri mgonjwa wake. Lakini hesabu nazijua, na jambo hili ni la hesabu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

FREMU ILIYOPOTEA KARIAKOO

Shangazi yangu ni muuza vitenge Kariakoo. Kwa miaka mingi alikuwa na fremu yake, na stoo yake ilikuwa ghorofa ya pili. Mwaka juzi akaanza kuishiwa pumzi akipanda ngazi. Alikwenda hospitali moja ya binafsi hapa jijini, akafanyiwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Ripoti ikasema valvu ya mitrali, mlango ulio kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo, inavuja sana na upasuaji unahitajika. Watoto wake wakampeleka kwingine. Huko eko ikasema uvujaji ni wa wastani.

Ripoti mbili, mgonjwa mmoja, wiki mbili tu kati yake. Ukoo ukakaa kikao, wazee wakaona afadhali kuamini ile mbaya. Kiwanja cha Chanika kikauzwa kwa haraka, na kila mfanyabiashara anajua bei ya mtu mwenye haraka ilivyo. Mzigo wa vitenge ukasukumwa kwa bei ya hasara. Fremu ikaachwa, kwani hakuna aliyejua angerudi lini. Shangazi akapanda ndege kwenda India, yeye na msindikizaji.

Kule walimrudia eko, kisha wakamwingiza kwenye mashine ya MRI na kuupima moyo wake. Jibu lilikuwa namba, halikuwa neno. Katika kila pigo la moyo, asilimia 31 ya damu iliyosukumwa ilikuwa inarudi nyuma, na chumba cha moyo kilikuwa hakijatanuka. Aliambiwa hahitaji kupasuliwa kwa sasa, ila atibiwe shinikizo la damu ambalo lilikuwa juu, na apimwe tena baada ya mwaka. Shinikizo likipanda, valvu inayovuja huvuja zaidi, na huenda ndiyo sababu ripoti za Dar es Salaam zilitofautiana.

Alirudi mzima, tunashukuru Mungu. Lakini alikuta fremu ina mtu mwingine, na ili apate nyingine mtaa ule ule alitakiwa kutoa kilemba upya. Hadi leo anauzia kwenye meza. Hakuna aliyemwibia. Mtaji wake uliliwa na kukosekana kwa namba moja kwa wakati wake.

JICHO LA DALALI

Wasomaji wa ukurasa huu wanaijua lumbesa. Mkulima anajaza gunia hadi linavimba kama mgongo wa ngamia, dalali analitazama, analipigapiga, anasema hili ni gunia moja. Dalali mzoefu hakosei sana. Lakini anakadiria, na wawili wakilitazama gunia lile lile wanaweza kutoa majibu mawili.

Eko inafanana kwa kiasi na jicho la dalali mzoefu, na nisieleweke vibaya: ni kipimo kizuri mno. Ni cha bei nafuu, kinabebeka hadi kitandani kwa mgonjwa, hakina mionzi, na kinaonesha valvu ikifunguka na kufunga papo hapo. Duniani kote ndicho kipimo cha kwanza cha magonjwa ya valvu, na hakuna anayesema kiondolewe. Kwa valvu iliyoziba au kusinyaa, eko bado ndiyo mwalimu, kwa sababu inakamata vizuri kasi kubwa ya damu inayopenya kwenye tundu dogo.

Tatizo linakuja kwa valvu inayovuja. Daktari wa eko hutazama umbo na rangi ya mkondo wa damu inayorudi, kisha hutumia vipimo kadhaa kukadiria wingi wake. Mkondo ukienda mshazari ukajibandika ukutani mwa chumba, huonekana mdogo kuliko ulivyo. Ikiwa ni mikondo miwili au mitatu, hesabu huchanganya. Valvu ikivuja kwa sehemu tu ya pigo, huweza kuonekana mbaya kuliko hali halisi. Mgonjwa mnene au mwenye mapafu yaliyojaa hewa hatoi picha safi. Hapo ndipo madaktari wawili, wote waaminifu, wanapotofautiana.

HESABU YA GHALA

Tuje kwenye MRI. Mgonjwa hulala ndani ya bomba la sumaku kubwa kwa muda wa karibu saa moja, nyaya za kufuatilia mapigo zikiwa kifuani, akibana pumzi kila anapoambiwa. Hakuna mionzi kama ya eksirei. Mashine hupiga picha za moyo kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa, katika kila hatua ya pigo. Vipande vikijumlishwa, hujulikana chumba cha kushoto kilikuwa na mililita ngapi za damu kilipojaa na kilibaki na ngapi kilipojikaza. Tofauti yake ndiyo damu iliyotoka ghalani.

Kisha mashine hupima kitu cha pili. Kwa kutumia tabia ya sumaku ya damu inayotembea, huhesabu ni mililita ngapi zimepita kwenye aota, mshipa mkuu unaosambaza damu mwilini. Hiyo ndiyo damu iliyofika sokoni.

Mfanyabiashara wa nafaka hahitaji kuelezwa zaidi. Lori likipakia magunia 100 Kibaigwa likafika Tandale na 65, hakuna haja ya kubishana na dereva kuhusu ukubwa wa tundu kwenye turubai. Magunia 35 hayapo. Vivyo hivyo, chumba kikisukuma mililita 100 na aota ikapokea 65, basi mililita 35, sawa na asilimia 35, zimerudi nyuma kupitia valvu ya mitrali. Mkondo uwe mshazari au uwe mitatu, hesabu haijali. Kwa valvu ya aota yenyewe kazi ni rahisi zaidi: mashine huhesabu moja kwa moja kilichokwenda mbele na kilichorudi. Kama valvu zote mbili zinavuja, hesabu huongezewa safu nyingine, lakini kanuni ni ile ile.

Namba hizi zina maana gani? Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 unahesabu uvujaji wa mitrali kuwa mkubwa ikiwa damu inayorudi inafikia mililita 60 kwa pigo, au nusu ya iliyosukumwa. Watafiti wa Uingereza waliofuatilia wagonjwa kwa MRI waliandika mwaka 2016 kwamba mpaka wa takriban asilimia 40 ulitenganisha vizuri waliokuja kuhitaji upasuaji na ambao hawakuuhitaji. Kwa hiyo mpaka wenyewe bado una mjadala, kama bei elekezi. Lakini mjadala wa namba una heri kuliko mjadala wa maneno "sana" na "wastani".

Upo pia utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015, wa wagonjwa 103 waliopimwa kwa njia zote mbili. Eko na MRI zilipishana mara nyingi. Kilichonivutia kama mtu wa hesabu ni hiki: kwa wale waliofanyiwa upasuaji, kiasi kilichopimwa na MRI kabla ya kisu kiliendana vizuri na jinsi moyo ulivyonywea baada ya valvu kurekebishwa. Makadirio ya eko hayakuendana. Yaani mizani ilitabiri faida, jicho halikuitabiri.

Tusidhani kwamba mizani huwasaidia tu wasiohitaji kupasuliwa. Wapo wanaoambiwa "wastani" na kurudi dukani kwa amani, huku chumba cha moyo kikitanuka mwaka hadi mwaka. Moyo ukishachoka kupita kiasi, valvu mpya hairudishi kila kitu. MRI huonesha utanukaji huo mapema, na kwa dawa maalumu ya kung'arisha picha huonesha hata kovu ndani ya nyama ya moyo. Mgonjwa wa namna hii naye anadhulumiwa na jicho la dalali, ila yeye deni lake huja baadaye, na riba.

MIZANI NAYO HUKAGULIWA

Kila mwenye duka anajua kwamba mizani isiyo na muhuri wa Wakala wa Vipimo ni hatari kuliko kutokuwa na mizani, maana inakosea kwa kujiamini. Mashine ya MRI nayo inaweza kusema kitu kinatembea wakati kimetulia. Kosa dogo la namna hiyo, likijumlishwa kwenye mshipa mzima, linaweza kubadilisha asilimia ya uvujaji. Mojawapo ya njia za kulikamata ni kupima chombo kilichojaa jeli isiyotembea, kama unavyotazama sahani tupu ya mizani inasoma sifuri kabla ya kuweka sukari. Ukitakiwa kulipia kipimo hiki, si kosa kuuliza kwa adabu: je, mnakagua sifuri?

Aidha, zipo kazi ambazo mashine hii haiziwezi vyema. Mapigo ya moyo yakienda ovyo, jambo la kawaida kwa wagonjwa wa mitrali, picha na hesabu hupungua ubora. Chokaa kwenye valvu haionekani vizuri. Hiyo ni kazi ya CT-Scan. Vijidudu vilivyojishikiza kwenye valvu huonekana vizuri zaidi kwa eko. Baadhi ya betri za moyo haziruhusiwi karibu na sumaku, wapo wanaoogopa kufungiwa, na watoto wadogo huhitaji kulazwa usingizi. Wenye figo zilizochoka sana hutakiwa tahadhari kwa ile dawa ya kung'arisha.

Kuna uvumi mmoja mitaani ambao ni vyema ufe leo. Inasemwa kwamba aliyewekewa valvu ya bandia ya chuma haruhusiwi MRI maisha yake yote. Si kweli. Karibu valvu zote za bandia zinaruhusiwa kwa masharti ya kawaida; kinachotakiwa ni kubeba kadi yake ili wapimaji waihakikishe. Picha huweza kuwa na doa jeusi karibu na chuma, basi.

WANAOALIKWA KUNUNUA MASHINE

Sasa nirudi kwenye fedha. Vikundi vya wafanyabiashara wenye akiba hualikwa kuchangia mtaji wa vituo vya uchunguzi, na neno MRI huandikwa kwa herufi kubwa kwenye andiko la mradi. Sipingi. Lakini mwekezaji mdogo aelewe ananunua nini.

Kwanza, MRI si lazima iwe MRI ya moyo. Mashine inayopiga picha za mgongo na kichwa kuanzia asubuhi hadi jioni inaweza isiwe na programu za moyo, ambazo aghalabu huuzwa pembeni, wala kifaa cha kuoanisha picha na mapigo. Moyo hautulii kama goti. Andiko likisema "tutapima moyo", uliza kama bei ya vitu hivyo imo.

Pili, mashine haisomi yenyewe. Inataka mpigapicha aliyefunzwa moyo na daktari anayesoma vipimo hivyo kila wiki. Anayesoma vitatu kwa mwaka atarudia kukadiria, sasa kwa gharama kubwa zaidi. Hapo tutakuwa tumenunua mizani ya dola na kumkabidhi dalali yule yule.

Tatu, sumaku hulala kwenye baridi kali mno inayotunzwa na heliamu, na mitambo ya baridi hiyo haizimwi usiku wala sikukuu. Umeme ukikatika kwa muda mrefu bila jenereta madhubuti, heliamu huanza kuchemka na kuondoka. Mwenye mashine hulipa bili hata siku asipopata mgonjwa.

Heliamu yenyewe imewapandisha wengi mori. Mwezi Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakiwa na kampuni ya Helium One, walitangaza makadirio ya futi za ujazo bilioni 54 za gesi hiyo katika bonde la Rukwa, na dunia ikaambiwa zingetosha kujaza mashine za MRI zaidi ya milioni moja. Kampuni iliingiza hisa zake katika soko la London mwezi Desemba 2020. Nimesikia watu wakisema kwamba, kwa kuwa gesi ni yetu, kipimo kitakuwa rahisi. Hesabu hiyo haijumuishi. Makadirio ya ardhini si gesi iliyo kwenye mtungi. Pia teknolojia inakwenda upande mwingine: tangu 2018 Philips inauza sumaku iliyofungwa inayotumia lita 7 za heliamu, wakati za kawaida zinahitaji kama lita 1,500. Gharama ya kipimo cha moyo inabebwa zaidi na mashine, umeme na watu kuliko gesi hiyo.

Kwa mtazamo wangu, biashara hii haitaki mashine kila mtaa. Inataka vituo vichache vinavyopokea wagonjwa kutoka hospitali nyingi, ili mikono izoee na namba ziaminike. Mwekezaji atakayefunga mkataba na madaktari wa eko wa mikoani, wakamletea wagonjwa ambao jibu lao lina utata, atakuwa na soko. Atakayeshindana kwa bango atabaki na sumaku baridi na foleni fupi.

NANI ALIPE?

Upasuaji wa moyo si ndoto tena hapa nchini. Muhimbili ilianza kufungua vifua mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianzishwa mwaka 2015. Penye kisu pawe na mizani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatupa nafasi ya kupanga vizuri nini kilipiwe. Ningependa kuona bima ikilipia MRI ya moyo katika mambo mawili: pale ripoti za eko zinapopingana au haziendani na hali ya mgonjwa, na pale valvu inayovuja inapoelekea kisuni huku wingi wa uvujaji ukiwa na shaka. Si kwa kila anayesikia moyo ukidunda. Ukiweka gharama ya kipimo kimoja upande mmoja, na safari isiyo ya lazima au upasuaji uliochelewa upande wa pili, bima yenyewe ndiyo itakayopata nafuu.

Hata hivyo, ipo hoja nzito ya upande wa pili, na lazima niikubali. Wapo wanaosema nchi ambayo wilaya nyingi hazina mtaalamu wa eko haina haki ya kuzungumzia MRI. Magonjwa mengi ya valvu kwa vijana wetu yanaanzia kwenye maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa, yakazaa homa ya baridi yabisi, ikaharibu valvu. Dawa yake ni penisilini, ya bei ya soda chache. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Gulu, Uganda, uliowafuata watoto 818 waliogunduliwa kwa eko kuwa na dalili za mwanzo. Kwa miaka miwili, waliochomwa penisilini kila mwezi ambao ugonjwa ulizidi walikuwa 3. Kwa wasiochomwa walikuwa 33. Mtu wa mitaji akiulizwa shilingi ya kwanza iende wapi, jibu ni hapo.

Lakini shilingi ya kwanza siyo pekee. Valvu ambazo zimekwisha kuharibika zimo vifuani mwa watu wazima walioko sokoni leo, wenye maduka, mikopo ya benki na wanaowategemea. Hao hawawezi kungojea kizazi kijacho. Wataendelea kuambiwa "sana" na "wastani", nao wataendelea kuuza viwanja kwa kufuata maneno hayo.

Ushauri wangu kwa msomaji aliyeambiwa valvu yake inavuja ni mfupi. Usiuze kitu kabla hujauliza inavuja asilimia ngapi, na namba hiyo imepatikanaje. Kama pumzi inabana hata ukilala au miguu inavimba, usingoje hesabu, wahi hospitali. Kama hali inaruhusu na ripoti zinapishana, omba daktari akuelekeze panapopimwa kwa MRI, na utie nauli ya safari hiyo katika bajeti kabla ya nauli ya kisu. Na fremu yako, mwachie ndugu wa kuishika.

Jedwali la bei litarejea mahali pake wiki ijayo.